Kivuko Kimoja, Foleni Mbili

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa baiolojia na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia mialo, katika ukumbi mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza. Wengi wa visiwani hawakufika kwa sababu ya upepo, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwangaluka!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Walimu, viongozi wa mialo, na nyinyi vijana mnaopanda mawe ya Mabatini na Igogo mlango kwa mlango mkiwa na mabegi ya dawa mgongoni, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu protini mbili zinazokutana ndani ya seli ya saratani. Nitafika huko. Kwanza niruhusuni nimtaje mjomba wangu.

Alikuwa kitinda mimba wa bibi yangu, mzaliwa wa Misungwi. Alianza kukaa kwenye majaruba ya mpunga akiwa na miaka sita, kazi yake kufukuza ndege. Alipofika miaka tisa hivi akaanza kukojoa damu. Nani alishtuka? Hakuna aliyeshtuka. Kaka zake walikojoa damu kabla yake. Rafiki zake walikuwa wakikojoa damu, na walipochunga ng'ombe lamboni walishindana mkojo wa nani ni mwekundu zaidi. Wakubwa waliwaambia kwamba ndivyo mtoto wa kiume anavyokua. Baada ya miaka michache damu ikakoma, mambo yakasahaulika.

Alipokuwa na miaka 51 damu ikarudi, safari hii na mabonge. Alikwenda zahanati mara tatu. Mara zote tatu alipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, akaambiwa anywe maji mengi. Ilipopita karibu mwaka mzima ndipo akafika mahali penye kipimo cha kuingiza kamera kwenye kibofu. Ilikuwa saratani. Alifariki akiwa na miaka 53.

Ndugu zangu, hesabuni pamoja nami. Toka miaka tisa hadi 51 ni miaka zaidi ya 40. Katika miaka 40 hiyo, ndani ya ukuta wa kibofu chake, palikuwa panatendeka nini? Swali hili ndilo lililonipeleka maabara, na ndilo nililokuja nalo hapa leo.

Mnyoo wa kichocho cha mkojo ulionwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911, hukohuko Misri, daktari mwingine, Ferguson, akaandika kwamba wanaume wenye kichocho ndio aliowakuta na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka mnyoo huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Kumbukeni kwamba hapa kwetu tuna vichocho viwili. Kile cha ufukweni, cha wavuvi na wa visiwani, hukaa zaidi kwenye utumbo na kuumiza ini. Kile cha mkojo ni cha malambo na majaruba, ng'ambo ile ya bara. Mjomba alikuwa mtu wa majaruba.

Sasa, yai la mnyoo lina mwiba mdogo. Linanasa kwenye nyama ya kibofu, linafia hapo, linageuka kama chembe ya chokaa. Lakini je, mwiba peke yake waweza kutengeneza saratani? Hapana. Mwiba unaanzisha ugomvi, na ugomvi ule ukidumu ndio unaofungua mlango.

Nimlete mtu wa kwanza.

Babu yangu mzaa baba alikuwa wa Kayenze. Uzeeni hakuwa na mtumbwi wake, lakini pale mwaloni hakuna mtumbwi uliotoka jioni kabla hajaugonga. Alipita ubao kwa ubao akigonga kwa kifundo cha kidole, sikio ameliinamisha. Baada ya hapo alisema moja kati ya maneno matatu. Nendeni. Au: subirini, hapa pazibwe kwa pamba. Au, mara chache, neno la tatu: huu upasueni, mbao zikakaushie samaki. Neno lile la tatu lilimliza mwenye mtumbwi, lakini hakuna aliyelibishia. Usiku mmoja vijana wanne walisubiri mzee akaenda kuswali, wakausukuma mtumbwi uliokuwa umezuiwa. Alfajiri walirudi wawili, wakiogelea na madumu.

Ndani ya kila seli ya mwili wako yuko mzee wa namna hiyo. Anaitwa p53. Seli kabla haijajigawa kuwa mbili, huyu anakagua hali ya DNA, yaani ule uzi unaobeba maagizo yote ya mwili. Akikuta ufa, husimamisha kazi: huamsha protini nyingine iitwayo p21, na seli haiendi mbele mpaka ufa uzibwe. Akikuta uharibifu usiozibika, husema neno la tatu. Seli inajiua yenyewe, kimyakimya, majirani wanasafisha mabaki. Mnasikia? Inajiua. Kila siku kuna seli zinazofanya hivyo ndani yenu ili nyinyi muendelee kuishi.

Protini hii iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kumi wanasayansi walidhani ndiyo mchawi. Waliikuta imejaa ndani ya uvimbe wa saratani, wakahukumu kwamba ndiyo inayouleta. Mwaka 1989 ikadhihirika kwamba nakala walizokuwa wakizichunguza maabara zilikuwa mbovu tayari. Iliyo nzima inazuia saratani. Leo tunajua kwamba karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina hitilafu katika jeni ya p53, yaani kile kipande cha DNA chenye maagizo ya kuitengeneza. Hakuna jeni nyingine inayoharibika mara nyingi kiasi hicho. Sisi tuna nakala moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Tembo, yule wa hapo jirani Serengeti, ana nakala 20 kutoka kila upande, na pamoja na ukubwa wake wote ni nadra kufa kwa saratani.

Jambo moja zaidi kuhusu mzee huyu, mlishike, maana nitalihitaji. Mkaguzi akishinda mwaloni mchana na usiku, akisimamisha kila mtumbwi, watu watakula nini? Kwa hiyo seli ina protini nyingine, MDM2, ambayo kazi yake ni kumwondoa. Katika seli tulivu p53 hutengenezwa na kuvunjwa ndani ya dakika 20 hivi, hutengenezwa na kuvunjwa, saa zote. DNA ikipata ufa, MDM2 huzuiwa na mzee husimama. Na p53 mwenyewe ndiye anayeagiza MDM2 itengenezwe, yaani anamwita mwenyewe yule atakayemrudisha nyumbani kazi ikiisha. Mwaka 1995 panya walitengenezwa bila MDM2. Hawakuzaliwa hata mmoja, walifia tumboni. Walipoondolewa na p53 pia, wakazaliwa. Mzee bila mtu wa kumpumzisha anaua hata watoto.

Sasa mtu wa pili.

Wazee waliopo hapa mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipotuzidi huku Usukuma na kwa wenzetu Wanyamwezi, watu wakajipanga wenyewe. Sungusungu. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo. Anasema filimbi ikilia usiku, kijiji kizima kinasimama. Wanaume wanatoka na pinde, njia zote zinafungwa, wanawake wanapika uji wa watu wasiowajua. Anasema pia kuna mara moja ambapo filimbi haikunyamaza siku tatu. Mwizi hakupatikana. Hakuna aliyelima, hakuna aliyelala, watoto walianza kupotea kwenye msongamano, na mwisho ikaja kujulikana kwamba yule mwizi alikuwa palepale kwenye kundi, anakula uji.

Filimbi ya seli inaitwa NF-kB. Iligunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore huko Marekani, ndani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Wakati wa amani imefungwa nje ya kiini cha seli, imeshikwa na protini inayoitwa IkB. Bakteria akiingia, au kirusi, au mwiba wa yai la kichocho, ujumbe unafika, IkB inavunjwa, NF-kB inaingia kwenye kiini na kuamsha mamia ya jeni. Zinatoka kemikali za kuita askari, mishipa ya damu inafunguka, sehemu inakuwa nyekundu, ya moto, inavimba, inauma. Hali hiyo ndiyo mchochota. Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa, kwa sababu mguu ulioumwa na nyuki tunasema una uvimbe na titi lenye saratani tunasema lina uvimbe. Mimi leo nitasema mchochota kwa ule wa moto na maumivu. Lakini nakiri kwamba lugha yetu, kwa kuyaita yote mawili jina moja, imegusa ukweli ambao daktari Virchow wa Ujerumani aliuona kwa darubini mwaka 1863, alipokuta chembe nyeupe za damu zimejazana ndani ya saratani.

Je, mchochota ni adui? Hapana! Bila huo, mkwaruzo wa ndoano ungekuua. Na filimbi iliyo nzima inajua kunyamaza: kati ya jeni za kwanza NF-kB inazoziamsha ni ya IkB, ileile itakayoifunga tena. Watafiti waliitazama ikiingia na kutoka kwenye kiini kama mawimbi, kila baada ya dakika 100 hivi. Mzee p53 naye ana mawimbi yake, ya polepole, kama saa tano na nusu kila moja. Inalia, inanyamaza, inasikiliza. Shida inaanza pale kinachoichokoza kisipoondoka. Na yai la kichocho haliondoki.

Wazee wangu, sasa waweke hawa wawili ndani ya seli moja. Hapa ndipo kiini cha mazungumzo yangu, na hapa nitakaa.

Ndugu wa Sengerema mliomo humu, mnakikumbuka kivuko cha Kigongo na Busisi? Leo mnapita juu ya daraja la kilomita tatu hivi, lililofunguliwa Juni 2025, mnavuka kabla simu haijaisha kuongea. Lakini zamani? Kivuko kimoja, foleni mbili. Siku moja tulikuwa tunapeleka msiba Sengerema. Ilikuwa siku ya mnada. Malori ya ng'ombe yalikuwa yametangulia, na yalipojaza kivuko, kilijaa. Tulibaki upande wa Kigongo na jeneza letu tukitazama mikia ya ng'ombe inavuka maji. Hakuna aliyetukosea. Hakuna aliyetupiga wala kutufukuza. Nafasi tu ilikwisha.

P53 na NF-kB wote wawili kazi yao ni kuamsha jeni, na ili jeni iamke, DNA iliyokunjwa inapaswa kulegezwa. Kuna protini inayolegeza, inaitwa p300. Wote wawili wanaihitaji. Na p300 ndani ya seli haiko tele. Mnaona ninakoelekea? Kivuko kimoja, foleni mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walionyesha ndani ya seli za maabara kwamba NF-kB ikiwa nyingi na imeshika p300, p53 inabaki ng'ambo. Imekamilika, haina kasoro yoyote, lakini maagizo yake hayavuki. Na kinyume chake vilevile: p53 ikiwa na nguvu na ikawahi, filimbi inafifia. Katika seli nzima hii ni busara kubwa. Kama kuna vita, pigana. Kama kuna ufa, simama uzibe. Huwezi kufanya yote mawili kwa mara moja.

Lakini je, vita vikidumu miaka 40?

Fikirini nami taratibu. Zile chembe nyeupe zilizoitwa na filimbi zinapigana kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni. Kemikali zile hazichagui; zinamchoma mdudu na zinachoma DNA ya jirani. Kwa hiyo yowe lenyewe linapasua mbao. Nyufa zinaongezeka. Wakati huohuo NF-kB inaagiza seli zisife, maana askari na wananchi wanahitajika wawe hai wakati wa vita; inaamsha protini kama BCL-xL zinazozuia lile neno la tatu la babu yangu. Katika baadhi ya seli inaongeza hata MDM2, yule wa kumrudisha mzee nyumbani. Na kivuko kimejaa. Nyufa zinaongezeka, na saa hiyohiyo mkaguzi amezuiwa. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hili linanitia hofu kila ninapolieleza. Mwili unafanya kila kitu sawasawa kwa kanuni zake, hakuna aliyelala wala kusaliti, na bado mtumbwi mbovu unatoka.

Siku moja, katika mamilioni ya seli, ufa unaangukia kwenye jeni ya p53 yenyewe.

Mngetarajia kwamba p53 ikivunjika inatoweka. Mara nyingi haitoweki. Herufi moja tu inabadilika, na protini inaendelea kutengenezwa, imepinda. Haiwezi tena kugonga mbao. Haiwezi tena kumwita MDM2, kwa hiyo hairudishwi nyumbani, inajazana. Na baadhi ya p53 hizo zilizopinda zinafanya jambo baya zaidi: zinaungana na filimbi. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwenye panya waliochokozwa utumbo kwamba wale wenye p53 iliyopinda walibaki na mchochota muda mrefu kuliko wenzao, NF-kB ikakaa kwenye kiini bila kutoka, na uvimbe wao ukapenya ndani ya nyama. Mzee aliyekuwa akinyamazisha yowe sasa ndiye anayeipulizia filimbi pumzi.

Niliomba niione slaidi ya mjomba. Kipande cha kibofu chake kilikuwa kimehifadhiwa kwenye nta, kimekatwa chembamba, kimetiwa dawa ya kuonyesha p53 kwa rangi ya kahawia. Katika nyama yenye afya huoni kitu. P53 inavunjwa kabla rangi haijaishika. Mimi niliona viini vya kahawia, kimoja baada ya kingine, shamba zima la kahawia. Kati ya vile viini, chembe nyeupe za mchochota zimejipanga kama watu wa sungusungu. Na pembeni, chini kabisa, mayai mawili yaliyogeuka chokaa. Moja mwiba wake ulikuwa bado unaonekana. Nilitoa jicho kwenye darubini nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe.

Nisije nikawadanganya kwamba hawa wawili ni maadui siku zote. Ndani ya chembe nyeupe za damu wamekutwa wakifanya kazi pamoja bila ugomvi. Na kuna panya walioondolewa nguvu za NF-kB kwenye seli za ini kisha wakapewa kemikali ya kuleta saratani. Walipata saratani zaidi, kwa kuwa seli zao zilikufa hovyo na nyingine zikalazimika kujigawa kwa haraka kujaza nafasi. Anayekuja kwenu na dawa moja ya kuzima mchochota wote, muulizeni anazima wa wapi, na lini.

Mama zangu, nina neno lenu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na ndani yake njia ni nyingine kabisa. Kuna kirusi, HPV, chenye protini inayoitwa E6. E6 haipindishi jeni ya p53 wala haigombei kivuko. Inamshika mzee mkono na kumpeleka akavunjwe, kila anapotengenezwa. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, madaktari walichukua seli za saratani ya mlango wa kizazi ya mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwomba ruhusa. Yeye alifariki mwaka huohuo. Seli zake zinaishi hadi leo katika maabara za dunia nzima, nami nimezikuza kwa mikono yangu. Jeni yake ya p53 ni nzima. Nzima kabisa! Ila kila protini inayotoka inaondolewa na E6. Mnaelewa maana yake? Kirusi kile kikizuiwa kuingia, mzee yupo. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu kwa msichana wa miaka 9 hadi 14. Mkirudi nyumbani mtazame binti yuko darasa la ngapi.

Sasa kuna swali najua linakuja, kwa sababu limeniuma sikio tangu nilipoingia. Mbona tusimeze tu dawa za kutuliza mchochota? Dawa zipo, duka lipo pale kona, diklofenaki ni bei ya soda.

Nisikilizeni vizuri. Kulikuwa na utafiti mkubwa, matokeo yake yalitoka mwaka 2017, wa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Baadhi yao walichomwa dawa inayozuia moja ya kemikali za mchochota. Watafiti walipoangalia baadaye, waliopewa dawa walikuwa na saratani ya mapafu chache kuliko wengine. Dunia ilishangilia. Lakini kwenye kundi hilohilo, waliokufa kwa maambukizi waliongezeka. Ukimfunga sungusungu, mwizi wa kawaida naye anaingia. Na dawa hiyo ilipojaribiwa kwa watu ambao tayari wana saratani ya mapafu, haikuwaongezea maisha. Kwa nini? Nadhani mnaweza kunijibu nyinyi sasa. P53 ikishapinda, kunyamazisha filimbi hakumnyooshi mzee. Aspirini imeonyesha faida kwa watu wa koo fulani zenye urithi wa saratani ya utumbo mpana, tena chini ya uangalizi wa daktari. Diklofenaki ya kila siku itakutoboa tumbo na kukuharibia figo. Naomba, naomba sana, asitoke mtu hapa akaenda kuinunua dukani kwa jina langu.

Linalowezekana kwetu ni kumwondoa anayechokoza, mapema, wakati p53 bado imenyooka. Vidonda vya tumbo vinavyotokana na bakteria vinatibika. Usivizoee miaka 15 kwa maziwa na magadi. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, na watoto wetu wameipata tangu mwaka 2002, lakini nyinyi mliozaliwa kabla ya hapo mmepima? Na mahindi na karanga zenye ukungu: sumu yake inapiga jeni ya p53 mahali palepale, herufi ileile, mara kwa mara, hata ikikutwa kwenye saratani ya ini mtaalamu hutambua nyayo zake. Mtu mwenye homa ya ini B anayekula ukungu ule ana mchochota upande mmoja na nyundo upande wa pili. Msiuze zilizoharibika, wala msimpe kuku, wala msichanganye kwenye unga wa uji wa mtoto.

Na kichocho. Walimu, mtoto akikojoa damu msingoje ikome. Itakoma, ndiyo ubaya wake. Wahudumu, msiishie shuleni. Kwa miaka mingi dawa ya prazikwanteli imekuwa ikigawiwa kwa wanafunzi, na mjomba wangu, aliyeacha shule darasa la nne, hakuipata kamwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua ushauri wake: panapokuwa na kichocho kingi, wapewe watu wazima pia, na watoto kuanzia miaka miwili. Mnaoingia kwenye majaruba, mnaofulia lamboni, mnaoosha pikipiki mtoni, ni nyinyi.

Nimekuja na ile fimbo ya kupimia urefu, inayotuambia mtu ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli, nimeiegemeza pale mlangoni. Hatuhitaji mizani. Inaanzia sentimita 94, kidonge 1. Sentimita 150 hadi 160, vidonge 3. Inamezwa baada ya kula, siyo tumbo tupu, vinginevyo utasema dawa ni sumu na jirani atakuamini.

Mtoto wa mjomba yupo humu, safu ya tatu. Ameniruhusu niseme. Analima majaruba yaleyale ya baba yake, na amekuja na binti yake wa miaka tisa. Alhamisi tulipima mkojo wa mtoto, tukaona mayai, yale yenye mwiba. Leo saa moja asubuhi alisimama kwenye fimbo: sentimita 131. Alikunywa uji wake wote, akameza vidonge 2.